Bega la Kulia

Kabla ya kuinunua mashua, Nanga aliijaza maji. Ilikuwa imelazwa juu ya magogo, nchi kavu, naye akamimina ndani yake ndoo baada ya ndoo mpaka mbao za sakafuni zikaelea. Kisha akajilaza chali mchangani na kujivuta chini ya tumbo la mashua, kutoka kichwani hadi mkiani, akitafuta mahali ambapo ubao ungetoa jasho. Panapotoka maji ndipo yatakapoingilia. Hilo hulijua kila aliyewahi kushinda kutwa nzima akichota maji ndani ya chombo cha mtu. Karibu na msumari mmoja aliona matone machache yakining'inia kwa uvivu. Kwingineko kulikuwa kukavu.

Mwenye mashua, mzee ambaye ufukwe mzima ulimwita Nahodha, alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa. Aliutazama ukaguzi ule kwa uso wa mume ambaye mkewe anapimwa na daktari kijana.

"Umeridhika, au bado unatafuta ukoo wake?"

"Bado mkuku, mzee," Nanga alijibu kutoka chini, akipitisha kiganja kwenye ule ubao mrefu unaoibeba mashua kama uti wa mgongo.

"Pitisha, pitisha. Huoni kitu hapo. Nimeiendesha tangu nina nywele kichwani. Inakwenda kama uzi uliovutwa."

Jina la Nanga hakupewa na wazazi wake. Alilipata kwa sababu tangu ujanani kazi yake ilikuwa mbele ya vyombo vya wengine: kutupa nanga, kuing'oa, kuvuta nyavu, kupiga kelele mwamba unapojitokeza. Nyuma, penye usukani, palikuwa mahali pa mwenye chombo. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini mtu wa mbele haendi nyuma, kama vile mgeni mwenye adabu asivyoingia chumba cha kulala cha mwenyeji wake. Aliwafanyia kazi wakali na wapole, walevi na wacha Mungu, na wote aliwajua zaidi kwa sauti zilizomfikia mgongoni: vuta, legeza, unalala wewe? Hakuota utajiri. Alitaka tu, kabla viungo havijamsaliti, asikie sauti yake mwenyewe ikitokea nyuma.

Ndiyo maana alikagua kama mtu aliyekwisha kuibiwa. Siku ya kuijaribu mashua majini, Nahodha alishika usukani, ule mkono mrefu wa injini, na Nanga, bila kuambiwa, akaenda kukaa mbele. Mashua ilikata maji moja kwa moja hadi kwenye kisiwa cha mawe na kurudi. Nanga aliisikiliza injini, akapapasa mbao za ubavuni kuona kama zinatikisika, akanusa mafuta. Kila cha kukaguliwa alikikagua. Kuomba usukani hakukumjia hata akilini.

Jioni ya kukamilisha mauzo, Nahodha alikuja nyumbani kwa Nanga, na mlango ukamshinda. Alisukuma, akavuta, akasukuma tena, akausemesha maneno ambayo hayasemwi mbele ya watoto.

"Unyanyue kidogo, mzee wangu, halafu uupige goti!" mke wa Nanga alimwelekeza kutoka dirishani, kwenye cherehani yake.

Mzee aliingia akihema. "Mlango gani huu? Humu mnafuga simba?"

"Mlango huu hauna neno," Nanga alisema, akiwa ameudhika kidogo. Na alikuwa anasema kweli yake. Watoto wao walikuwa wamekua wakiunyanyua na kuupiga goti, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba kuna milango isiyotaka goti.

Majirani waliitwa washuhudie. Nahodha aliweka mkono kifuani na kutoa neno lake: mashua haina kasoro, na Nanga akiiona yoyote kabla ya mwezi kuandama, airudishe, naye atarudishiwa alichotoa. "Na mniite mwongo mchana kweupe," akaongeza. Alikuwa mjane, anajiandaa kuhamia kwa binti yake, mbali na maji. Alichokuwa akikiacha ufukweni ni jina tu, na alilipenda kuliko ile mashua.

Alipoondoka, mke wa Nanga alimsindikiza kwa macho dirishani. "Bega lake la kulia limeshuka," alisema. "Ukimkatia shati kama watu wengine litamning'inia."

"Mama, mimi nanunua mashua, wewe unamshonea muuzaji shati!"

Siku ya kwanza ya kazi, Nanga alipanda mashua yake na kwenda moja kwa moja kukaa mbele. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye Nanga alikuwa amemchukua awe mtu wake wa nyavu, alisimama na maji magotini akimtazama.

"Shemeji, sasa tunamngoja nani?"

Walicheka hadi wakashika mbavu. Nanga akahamia nyuma, akaketi katikati kabisa ya ubao, kwa heshima, akaiwasha injini. Kicheko kiliishia hapo. Mashua ilikwenda kulia. Aliirudisha kwenye njia, ikakubali kidogo kisha ikaenda tena kulia, kwa upole na ukaidi wa mbuzi aliyeona majani. Aliulenga mkono wa injini huku, akaulenga kule, na mashua ikawa inayumba kama mlevi anayejitahidi kutembea vizuri mbele ya mkwewe. Walikusudia kufika kisiwa cha mawe. Walijikuta kwenye matete. Wavuvi wengine walipita wakiuliza kama kuna kitu alichodondosha na anakitafuta. Jioni mkono wake ulikuwa umekufa ganzi, nyavu zimejisokota, na samaki waliopatikana walitosha kitoweo cha nyumba moja.

"Umeuziwa mbuzi kwenye gunia," shemeji alisema, akitema mate majini.

Mambo yalikuwa vilevile kesho yake, na keshokutwa yake. Nanga akamwita fundi wa mashua. Fundi alilala chini ya mkuku, akafumba jicho moja, akautazama kwa muda mrefu.

"Umepinda. Kidogo tu, lakini umepinda. Na huku si kupinda kwa jana, ndugu yangu. Ni kwa miaka mingi."

Miaka mingi! Basi mzee alijua. Aliweka mkono kifuani, mbele ya majirani, akijua. Nanga aliumia mahali ambapo hakujua kwamba panaweza kuuma. Kuirudisha mashua kulimaanisha kurudi mbele ya vyombo vya wengine, safari hii akiwa kichekesho, yule aliyejaribu kuwa mwenye chombo akaishia kwenye matete. Kubaki nayo kulimaanisha kuzunguka ziwa kama nzi ndani ya glasi huku tapeli akila pensheni ya sifa kwa binti yake. Usiku huo hakula. Mkewe alimtazama akisukuma sahani, akaiondoa.

Shemeji hakuwa mtu wa kutunza siri iliyo tamu. Asubuhi Nahodha alipofika, akiwa amevaa shati lake la kusafiria, watu walikuwa wamejaa ufukweni wakijifanya wanashona nyavu.

"Nasikia mashua yangu imeniponza," mzee alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote.

Neno *mwongo* lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi wa Nanga. Alilimeza kwa muda. "Twende majini kwanza, mzee. Ukaniendeshee."

Nahodha hakungoja kushikwa mkono. Aliruka ndani kama kijana, akashika usukani, na uso wake ukapata nuru. Nanga akaenda kukaa mbele. Ila safari hii, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliyapa maji mgongo, akamgeukia anayeendesha.

Mashua ilikwenda kama uzi uliovutwa.

Nanga alikaza macho akitafuta ujanja. Mzee hakuketi katikati ya ubao. Aliketi ukingoni kabisa, upande wa kulia, mahali ambapo mbao zilikuwa zimelika na kung'aa. Nanga alikuwa ameuona mng'ao ule siku ya ukaguzi akaudhania uzee. Kiwiliwili chote cha mzee kilining'inia juu ya maji, bega la kulia likiwa chini, na mkono wa injini ameuvuta hadi ukamkaa pajani, pale ambapo suruali yake ilikuwa na kiraka. Misuli ya shingo ilikuwa imemsimama. Mzee alikuwa akishindana na chombo kwa nguvu zake zote, na usoni alikuwa mtulivu kama mtu anayeota jua.

"Umeona?" Nahodha alipaza sauti kuishinda injini. "Umeona au hujaona? Kama uzi!"

Nanga akaukumbuka mlango wa nyumba yake. Akajisikia mwenyewe akisema, *hauna neno*, na hasira yote iliyomnyima chakula ikamtoka, ikamwacha mtupu na mwenye haya. Mzee huyu hakudanganya. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameunyosha ule mkuku kwa mwili wake, kila siku kidogo, mpaka akasahau kwamba kuna kitu anachokinyosha.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko kumwita mwongo. Nanga alisimama, akashika ukingo, akaanza kutembea kuelekea nyuma.

"Nipe usukani, mzee."

Nahodha alimtazama kana kwamba ameambiwa avue shati. Kisha akaachia, akahamia ubao wa kati. Nanga aliketi katikati, akaushika mkono wa injini sawasawa, na mashua ikaenda kulia.

"Unaipindisha!"

"Sijaigusa, mzee. Tazama mkono wangu."

Mzee aliutazama. Akautazama ufukwe ukihama polepole mbele ya pua ya mashua. Akaushusha uso, akayatazama mapaja yake, kile kiraka, na jinsi alivyokaa: hata pale kwenye ubao wa kati, bila chochote mkononi, alikuwa ameegemea kulia.

"Tangu lini?" aliuliza, kama watu wanavyouliza kuhusu ugonjwa.

"Sijui, mzee. Fundi anasema ni zamani."

"Marehemu mke wangu alikuwa akiniambia, kaa sawa. Tukila, kaa sawa. Tukipokea wageni, kaa sawa, bwana." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikadhani ananitafutia ugomvi tu. Tukagombana kweli."

Nanga alisogea ukingoni, juu ya mbao zile zilizolika, akaliachia bega la kulia lishuke, akauvuta mkono wa injini hadi pajani. Mashua ikafikiri kidogo, kisha ikanyooka. Mzee aliona, akageuza uso kuelekea majini.

Ufukweni watu walikuwa wameacha kujifanya wana kazi. Shemeji aliingia majini kuwapokea. "Vipi? Inarudi kwa mwenyewe?"

Nahodha alikuwa amesimama ndani ya mashua, hajashuka, mikono imening'inia. Hakumtazama Nanga. Alikuwa akingoja jina lake.

"Mwenyewe ni mimi," Nanga alisema. "Mashua haina neno. Mkono wangu tu ndio ulikuwa mgeni. Shika kamba hiyo, shemeji, unalala?"

Sauti ilitokea nyuma. Yeye mwenyewe alishtuka kuisikia.

Baadaye, watu walipotawanyika, mzee aliushika mkono wa Nanga kwa mikono yake miwili. "Mpeleke kwa fundi," alisema, kana kwamba anazungumzia mtoto. "Usifanye kama mimi."

"Nitampeleka, mzee wangu."

Na alikuwa na nia hiyo. Fundi alisema kazi yenyewe si kubwa, ni ya kuitoa mashua majini kwa muda na kuunyosha mkuku. Walipatana wiki ijayo. Lakini wiki ijayo samaki walikuwa wengi, na iliyofuata injini ilitaka vipuri, na iliyofuata Nanga alipewa kazi ya kuvusha mbao. Kila alipokutana na fundi njiani walisalimiana kwa kicheko: wiki ijayo! Nyavu zilirudi zimejaa. Ufukweni walianza kumwita Nahodha Nanga, kwanza kwa utani, halafu kwa mazoea. Shemeji, siku zake za kubisha kwamba mashua ni mbovu zilipokwisha, aliketi mbele akiyatazama maji, wala hakugeuka nyuma.

Mwaka uligeuka. Mkewe alipata kipande cha kitambaa kizuri, rangi ya majivu, akaamua kumshonea mumewe shati linalofaa mwenye chombo. Alimsimamisha katikati ya chumba, utepe wa kupimia shingoni, pini midomoni. Alipima bega la kushoto. Alipima la kulia. Akazitoa pini mdomoni.

"Simama sawa, baba."

"Nimesimama sawa."

Alirudi nyuma hatua chache, akamtazama, akalipima tena bega la kulia, na vidole vyake vikakawia pale.

"Sawa kabisa?"

"Sawa kabisa, mama. Unataka nisimameje?" Nanga alicheka, alikuwa na furaha siku hiyo, jua lilikuwa linaingia dirishani na kesho alikuwa na safari. "Usiniharibie shati bure. Halafu ile mashua, nimekwambia? Siku hizi inakwenda kama uzi."

Mkewe alikitandaza kitambaa mezani, akakipapasa mpaka kikalala, akachukua chaki, na upande wa kulia akaushusha mstari kidogo.