Dirisha la Usawa wa Goti

Fundi cherehani alipotoboa ukuta wa mbele wa nyumba yake, alifanya kosa ambalo mwashi hawezi kulifanya hata akiwa usingizini: aliacha nafasi ya pindo. Mikono ilishazoea suruali. Alipima fremu kwa utepe, akachora ukutani kwa chaki yake ya kitambaa, akaongeza vidole viwili kila upande kama mtu atakayekunja na kushona, kisha akashika nyundo na patasi. Fremu ilipoingia, ikapwaya. Ikabidi azibe mapengo kwa saruji, nayo saruji ikamwagikia nje, ikavimba, ikakauka hivyo hivyo.

Halafu lilikuwa chini. Chini, jamani! Madirisha ya mtaa mzima yako usawa wa kifua, hili likakaa usawa wa goti, tena limeinama upande mmoja. Wapita njia walicheka waziwazi.

"Mzee, hilo la paka?"

Yeye akajitia hamnazo. Dirisha lilikuwa la mke wake, aliyepooza upande mmoja, na tangu apooze hakuwa na cha kutazama ila dari na kabati. Fundi alilala kando yake na utepe mkononi, akapima jicho lake lilipo, akatoboa pale pale.

Balaa ni kwamba mke mwenyewe ndiye Bi Rula.

Jina hilo alipewa na mtaa, enzi za uenyekiti wake wa kamati ya mtaa, alipokuwa akipita nyumba hadi nyumba na rula ndefu ya mbao. Kanuni zote ni zake: kuta za mbele rangi ya maziwa, madirisha usawa mmoja, na kisitokeze kitu chochote mbele ya ukuta. Hakumwonea mtu haya. Shemeji yake alipaka geti rangi ya zambarau, akalazimika kulipaka upya kabla halijakauka. Na ni yeye aliyemvunjisha Mama Pacha, jirani wa ng'ambo ya barabara, kibaraza alichomjengea mama yake mzazi. Kilikuwa kibaya kweli, hata lipu hakikupigwa. Lakini yule bibi alikikalia tangu asubuhi, akimsalimia kila apitaye, mpaka watoto wa shule wakawa wanachelewa kwa ajili yake. Kikavunjwa. Bibi akahamia ndani, na humo ndani ndimo alimofia.

Sasa mwenyekiti wa kamati ni Mama Pacha. Fundi aliposikia kamati inakuja kukagua dirisha, alisimamisha cherehani. Tangu atoboe ukuta, mke wake alikuwa ameanza kuomba kitana, kula mwenyewe, hata kuwatania wauza mboga. Wakiliziba, atarudi kwenye dari yake, na fundi alijua dari ile ingemmaliza. Ingawa siku hizi za karibuni mke alikuwa akitaka pazia lifungwe asubuhi. Jua linamchoma, fundi alijisemea.

Walikuja jioni, Mama Pacha na mjumbe mmoja mwembamba. Ilibidi wapige magoti ili waonane na mgonjwa.

"Shikamoo, dada," Mama Pacha alisema dirishani.

"Marahaba. Umekuja kupima? Rula iko nyuma ya mlango."

Mjumbe alitaka kucheka, akajizuia. Fundi, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda, alianza kubembeleza: mwenzake mgonjwa, dirisha ataliremba, saruji ataipiga msasa, wamwonee huruma.

"Nyamaza, mume wangu," Bi Rula alisema. Maneno yalimtoka mdomoni upande upande, lakini yalitoka. "Liko chini, limepinda, na hiyo saruji kama donda. Kanuni ni kanuni. Lizibwe."

"Wewe! Una akili timamu? Nimekutobolea kwa mikono yangu!"

"Lizibwe, nimesema. Nimechoka kuutazama ukuta wake."

Fundi hakuelewa. Akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye mto, shavu kwa shavu na mkewe, akatazama nje. Ng'ambo ya barabara, sawasawa mbele ya macho yao, palikuwa na kiraka cha lipu kisichofanana rangi na ukuta uliobaki. Kibaraza kilikuwa hapo. Alikuwa amepima jicho lilipo, asijiulize litatazama nini. Alijiona mjinga, na moyo ukamuuma.

Mama Pacha naye aligeuka akautazama ukuta wake.

"Halizibwi," akasema.

"Lakini mwenyekiti, kanuni..." mjumbe alianza.

"Halizibwi! Mimi ule ukuta naupita kila siku nikiingia kwangu. Na yeye autazame."

Akakung'uta vumbi magotini, akaondoka. Bi Rula alilia. Mkono wake mzima haukufika vizuri kwenye jicho la upande wa pili, ikabidi fundi amfute yeye.

"Yale matofali uliyoyatoa," aliuliza baadaye, "umeyatupa?"

"Yako uani. Mengine yamevunjika."

"Mpelekee."

Asubuhi fundi alivuka barabara na toroli. Mama Pacha alikuwa akifagia mlangoni.

"Ya nini haya?"

"Ya kibaraza. Mwenzangu kasema nikuletee."

Mama Pacha aliyaangalia matofali, halafu akamwangalia yeye. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha fundi zaidi.

"Shemeji, mama yangu hayupo. Atakikalia nani?"

Fundi aliliweka toroli chini. Jibu lilitoka nyuma yake, ng'ambo, kwenye dirisha la chini, kwa sauti iliyopinda lakini mtaa mzima uliisikia:

"Kikalie wewe! Nami nipate wa kunisalimia!"

Mama Pacha aliacha kufagia. Aliinamia toroli, akachukua tofali moja zima, akaligeuzageuza, akapuliza vumbi lake. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

"Na nani atajenga? Wewe?"

"Mimi hapa."

"Thubutu! Uache tena nafasi ya pindo?" Alisogeza ufagio kando, toroli lipate kupita. "Yaweke hapo ukutani. Nitamwita mwashi."