Maziwa ya Wana wa Kahawa

Kahawa, mbwa jike, aliumwa na nyoka Jumanne asubuhi, nyuma ya tangi la maji, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Aliacha watoto wanne wa siku sita, macho hayajafunguka, wakitambaa juu ya gunia wakimtafuta.

Rumaisa ndiye aliyewakuta. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kuitunza nyumba moja ya ufukweni huko Ras Kitau, ng'ambo ya mji. Mwenyewe, mama mmoja wa Kibelgiji, huja Agosti na Desemba tu. Rumaisa alimpigia simu. Yule mama alilia, kisha akasema, "Jaribu, tafadhali. Hata akipona mmoja."

Rumaisa hakuwa mtu wa mbwa. Kwao Langoni, mtaa wa mjini, mbwa akipita uchochoroni watu hukusanya kanzu na mabuibui wasiguswe. Hata huyo Kahawa, Rumaisa alikuwa akimwekea sahani na kurudi nyuma. Lakini vile vilio vyembamba havikumpa nafasi ya kuwaza. Alimwita Hudson, daktari wa mifugo, naye akavuka kwa boti kutoka mjini na mkoba wake.

"Ya ng'ombe usiwape hivi hivi, ni mepesi kwao," Hudson alisema. "Kuna maziwa ya unga ya watoto wa mbwa. Nitaagiza Mombasa, yafike kesho kutwa kwa ndege. Kwa sasa chukua ya mbuzi, tia kiini cha yai na matone ya mafuta. Sukari usitie. Yapashe moto kidogo, uyajaribu mkononi kwanza."

Rumaisa alimchukua mmoja, akamlaza chali kiganjani kama mtoto mchanga.

"La, la! Atapaliwa. Mlaze kifudifudi, kichwa juu kidogo, kama alivyokuwa akinyonya kwa mamake."

Kazi ikaanza. Kila baada ya saa tatu aliwalisha, kisha akawapangusa kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu ili wakojoe, maana mbwa mchanga hawezi mwenyewe mpaka alambwe. Aliwapima kwenye mizani ya unga. Usiku zamu ilikuwa ya Nabhan, mlinzi. Watatu walishika chuchu ya chupa siku ya pili. Wa nne, jike dogo mwenye miguu myeupe, aliikataa kabisa. Alipewa tone tone kwa bomba la sindano, na uzito wake ukawa unashuka.

Ijumaa Rumaisa alirudi nyumbani kula. Bibi yake, Bi Mwanamkisi, mwanamke wa Pate aliyemlea tangu udogo, alimzuia mlangoni.

"Simama papo hapo. Umeshika mbwa?"

"Nimewashika, Bibi. Mama yao amekufa."

"Kakoshe mikono mara saba, moya kwa mtanga. Kisha uye ule."

Rumaisa alikwenda uani, akaosha mara saba, moja kwa mchanga, akarudi. Walipokwisha kula, bibi akauliza, "Na wala nini, viumbe hao?"

"Maziwa ya kopo, kwa chupa."

Bi Mwanamkisi alicheka. "Kama wewe."

"Mimi?"

"Na nani tena? Mtoto wa miezi mitatu. Ulilia siku mbili na ndaa yako, tumbo tupu, chupa huitaki. Hata nikaizungushia leso ya mamako, ile aliyolala nayo usiku wa mwisho kabla hajaondoka. Ndipo ukanyonya."

Rumaisa aliweka kikombe chini. Maisha yake yote alijua kwamba mama yake, Ruba, alikwenda Maskati kufanya kazi alipokwisha kumwachisha ziwa, akamwacha msichana wa miaka miwili, anayetembea na kusema. Ruba mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amerudi mara mbili tu. Na Rumaisa, tangu utotoni, alikuwa akilala akijilazimisha kukumbuka kitu cha ile miaka miwili, mkono au sauti. Hakupata kitu. Aliona ni yeye aliye na moyo mgumu, mtoto aliyemsahau mamake.

Bibi alimtazama usoni, kicheko kikamkauka. "Wallahi, sikujua kuwa hujui."

Kesho yake Rumaisa alilikata kipande lile gunia alilokuwa akilalia Kahawa, akakizungusha kwenye chupa. Yule mdogo alinusa. Akasukuma pua, akarudi nyuma, akasukuma tena, kisha akaishika chuchu na kuanza kuvuta, vikucha vyake vikikanda kitambaa. Rumaisa hakuthubutu kusogea. Alikaa hapo sakafuni akilia mpaka maziwa yakaisha.

Ruba hupiga simu kila Ijumaa baada ya alasiri. Siku ile Bibi aliposema, Rumaisa hakuipokea. Ijumaa iliyofuata hakungoja salamu ziishe.

"Mama, ulipoondoka nilikuwa na miezi mingapi?"

Kwenye simu zilisikika sauti za watoto wa watu, wakicheka kwa Kiarabu.

"Nani kakwambia?"

"Bibi. Hakukusudia."

"Mitatu," Ruba alisema. "Mitatu na siku nne."

"Mbona ukasema miaka miwili?"

"Nilitaka ujue kuwa nilikunyonyesha nikamaliza." Sauti yake ilishuka. "Maziwa hayakukatika, Rumaisa. Siku kumi na saba yalikuwa yakija. Nilijifungia bafuni nikiyakamua kwenye sinki, nimefungua mfereji wasinisikie. Na nyumba ile niliyoajiriwa ilikuwa na mtoto mchanga. Mimi ndiye niliyempa chupa."

Rumaisa alikuwa na maneno mengi ya miaka mingi. Lililotoka lilikuwa moja. "Nilikunywa, Mama. Bibi aliizungushia chupa leso yako, nikanywa."

"Ile ya manjano?"

"Sijui rangi."

"Ya manjano," Ruba alisema, naye akilia. "Nilipofika huku niliitafuta sandukuni."

Wiki ya nne Hudson alisema waanzishwe chakula. Rumaisa aliwakorogea uji laini kwa yale maziwa, akaumimina kwenye sahani bapa. Waliingia miguu yote, wakapiga chafya, wakalambana. Siku chache baadaye akaongeza samaki changu aliyechemshwa, ametolewa miiba na kupondwa. Chupa ikapunguzwa. Yule mwenye miguu myeupe hakukubali. Alikuja kukaa juu ya mguu wa Rumaisa akilia, na Rumaisa alimpa chupa nyuma ya jiko, ilhali Hudson amekataza.

Wiki ya sita, asubuhi moja, alimwita yule mdogo kama kawaida. Mbwa alinusa chuchu, akalamba kidole cha Rumaisa, kisha akakimbilia samaki pamoja na wenziwe. Rumaisa alibaki ameshika chupa ya moto. Alifurahi. Siku kama hii mama yake hakuiona: mtoto ameshiba, anageuka mwenyewe.

Wawili walichukuliwa na hoteli za jirani, mmoja akaenda Kilifi. Mwenye nyumba alisema yule mdogo abaki.

Ruba sasa hupiga simu hata siku za kati ya wiki. Husimulia ile miezi mitatu kidogo kidogo: jinsi Rumaisa alivyochukia kofia, jinsi alivyolala na ngumi zimefungwa. Juzi alimaliza kwa lile neno lake la kila mwaka, kwamba baada ya Ramadhani atakuja, inshallah.

"Na nikija mimi?" Rumaisa akauliza. "Nimeshajaza fomu za pasipoti. Utanijua uwanjani?"

"Niambie utavaa nini," mama yake alisema.