Ijumaa Iliyokuwa na Wenyewe

Simu tatu zilikuwa zimelala ndani ya kapu la ukindu katikati ya meza, na watu watatu wamezizunguka kama wafiwa. Anold ndiye aliyezikusanya. Ndiye pia aliyetangaza, wiki mbili tu tangu ahamishiwe Mtwara mjini kutoka Mahurunga, kwamba kuanzia sasa kila Ijumaa ingekuwa jioni ya familia: kula pamoja, kuzungumza, hakuna simu, hakuna kutoka.

"Haya," alisema akisugua viganja. "Kila mmoja atueleze wiki yake. Witness, anza."

"Nzuri," alijibu binti yake wa miaka kumi na saba.

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu."

Mkewe, Gladness, alikuwa akichambua miiba ya samaki kwa utulivu wa mtu aliyeketi peke yake. Alipomaliza aliondoa sahani yake, hiyo moja tu, akaenda chumbani kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Ijumaa ya pili aliunguza wali, naye hakuwa mwanamke wa kuunguza wali.

Kwa miaka tisa Anold alikuwa bwana shamba wa vijiji vya kando ya Ruvuma. Aliwafundisha watu kupulizia mikorosho dawa, akawasuluhisha waliogombania mipaka, nao wakampenda. Nyumbani alifika mwisho wa mwezi, na miezi mingine iliisha bila yeye kufika. Huko porini alijichorea sebule hii mara nyingi: taa, chakula, vicheko. Chuki hakuichora. Alizoea kuamini kwamba chuki hupiga kelele, kumbe hii aliyoikuta ilifagia, ilipika, ilimtengea maji ya kuoga, wala haikumtazama usoni.

Ijumaa ya tatu alifunga mlango mapema, ufunguo akautia katika mfuko wa shati. Jua lilikuwa linazama Witness alipoinuka mezani na kukuta kitasa hakifunguki.

"Naomba ufunguo, baba."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Mama Mwanaidi, hapo jirani."

"Leo ni siku ya familia."

"Ndiyo," alisema Witness. "Ndiyo maana nakwenda."

Mkono wa Anold uliinuka kabla yeye mwenyewe hajaamua lolote.

"Ushushe," alisema Gladness kutoka mlango wa jikoni. Hakupaza sauti. "Ushushe mkono huo, Baba Witness."

Akaushusha. Gladness alifuta vidole vyake kwa kanga, kimoja baada ya kingine.

"Ijumaa ilikuwa na wenyewe," alisema. "Umekuja ukaichukua, hukuuliza. Unakumbuka mimba yangu ilipotoka, ya miezi saba? Nilirudishwa kutoka hospitali nikalala hapo chumbani, siwezi hata kugeuka. Huyu alikuwa na miaka tisa. Aliwasha mkaa anipikie uji, akajimwagia. Kovu lile mkononi mwake umewahi kuliulizia? Mwanaidi ndiye aliyesikia kilio, akaruka ua, akatuchukua wote wawili kwake. Ilikuwa Ijumaa. Ijumaa iliyofuata akatuita tena. Miaka minane hatukukosa hata moja, mpaka ulipokuja na jioni zako hizi."

"Ningekuja," alisema Anold. "Mvua ilikata barabara. Niliwapigia simu nikawaambia."

"Shemeji yake Mwanaidi alitoka Mahurunga siku hiyohiyo kwa pikipiki, amepakia mihogo. Viatu vyake havikuwa na tope."

Anold aliugusa ufunguo mfukoni mwa shati.

"Nikichaguliwa kidato cha tano," alisema Witness taratibu, kama anayesoma tangazo, "likizo nitakuwa narudi kwa Mama Mwanaidi. Nimeona ujue mapema."

Anold akautoa ufunguo, akauweka mezani. Mama na binti waliondoka bila kufunga mlango, naye akabaki na sahani tatu na inzi mmoja.

Aliikumbuka siku ile vizuri kuliko alivyotaka. Begi lilikuwa kitandani, limefungwa zipu. Basi lilipiga honi barabarani, kondakta akamwita kwa jina, naye akakaa palepale mpaka mlio wa injini ukapotea kuelekea mjini. Tope halikumtisha. Alichokiogopa ni kitanda cha nyumbani, na macho ya mkewe yakimtaka maneno ambayo hakuwa nayo. Hadithi ya mvua aliitunga ili apate siku moja ya kujipanga, ikawa siku tatu, ikawa mwezi. Alikuwa ameirudia mara nyingi kiasi kwamba siku nyingine alisikia hata harufu ya udongo uliolowa.

Akainuka, akapita pengo la ua wa michongoma. Mwanaidi, mjane mwenye mabega mapana, alikuwa barazani akikoroga chungu cha mihogo ya nazi. Gladness na Witness walikuwa wamekaa kwenye mkeka.

"Baba Witness," alisema Mwanaidi. "Miaka yote hii, leo ndiyo umeijua njia?"

Hakuna aliyesogea kumpisha. Akabaki amesimama, mikono haijui pa kwenda.

"Barabara ilipitika," alimwambia mkewe. "Nilikuwa nimefunga begi. Basi likaja, nikaliacha. Niliogopa kukuona."

Gladness aliendelea kutazama mkeka.

"Nilikuwa nikijiuliza," alisema hatimaye, "kama utaniambia au utakufa nalo."

"Nisamehe, mke wangu."

"Usiniombe hilo leo. Leo sina."

Anold aliitikia kwa kichwa. Aligeuka aondoke, na alikuwa amekwisha kufika ukingoni mwa baraza sauti ya Witness ilipomfikia, kali na kavu kama awali.

"Hapa kila mtu ana zamu ya kukuna nazi. Ijumaa ijayo zamu ilikuwa yangu. Utakuna wewe. Saa kumi na moja. Ukichelewa hatukungoji, na usitupigie simu kueleza."

Gladness alimtazama bintiye. Mwanaidi alipakua sahani tatu. Akasita, mwiko ukining'inia juu ya chungu, kisha akauweka na kuingia ndani. Na Anold, angali amesimama, akasikia mlango wa kabati la vyombo ukifunguliwa.