Nitamwambia Mzee Kesho

Lerionka aliitengeneza ile zana kwa siku tatu, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu: ilifanya kazi.

Ofisi yao iko Themi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya mabomba. Anayeandika programu ni Mzee Elimringi, anayezijaribu ni Lerionka, na anayewapigia kelele wote wawili ni Sia, mwenye ofisi. Kila asubuhi kompyuta huipitisha programu yao kwenye majaribio mia mbili na kumi, kisha hutoa rangi. Kijani, mambo shwari. Nyekundu, kuna lililofeli. Walikuwa pia na akili mnemba waliyoipa jina la Katibu, ambayo kwenye kikao ilisoma rangi hiyo na kunyamaza, kama tarishi asiyejua kilichomo ndani ya bahasha.

"Mtengenezee zana," Sia alimwambia Lerionka. "Awe anavuta kila kitu: jaribio lipi limepita, lipi limefeli, lipi limerukwa, nani aliagiza lirukwe na kwa nini. Jumatano nikimuuliza, anijibu."

"Sawa, dada," alisema Lerionka.

Aliyeagiza jaribio lirukwe ni yeye. Moja tu. Programu yenyewe ilikuwa ya matangi ya maziwa ya wafugaji wa Nkoaranga: maziwa yakianza kupata joto, tangi linamtumia mhudumu meseji. Jaribio la mia na tisa liliuliza hivi: mtandao ukikatika, meseji inasubiri itumwe ukirudi? Haikusubiri. Ilipotea moja kwa moja, na kule mlimani mtandao hukatika hata wingu likipita. Sehemu hiyo aliiandika Mzee Elimringi, mtu aliyemfundisha Lerionka kazi hii tangu hajui kompyuta inawashiwa wapi.

Sasa kijana wa Oldonyosambu atamwambiaje mtu wa rika la baba yake kwamba amekosea? Alipanga kumwambia faragha, kwa adabu. Ili ofisi isione nyekundu kabla ya hapo, aliagiza jaribio lirukwe, kwa kuwa lililorukwa halihesabiwi kufeli, na rangi ikabaki kijani. Mahali pa kuandika sababu akaandika ukweli mtupu: Nitamwambia Mzee kesho. Kesho yake akaandika tena.

Na matangi yalikuwa yawashwe Alhamisi.

Alipokuwa akitengeneza zana angeweza kumnyima Katibu zile sababu. Ni mistari minne tu ya kufuta. Aliitazama muda mrefu. Lakini alikuwa na kiburi cha fundi, na kazi aliyoikata mkono mwenyewe asingeweza kuitia jina lake. Mistari ikabaki. Kilichobaki kwake kilikuwa kumuwahi Mzee kabla ya kikao.

Jumatano alifika saa moja kasoro. Mzee alikuwa tayari kwenye chai.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kwenu mvua?"

"Imenyesha, Mzee."

"Ng'ombe?"

"Wazima."

"Mama?"

"Mzima. Mzee, nilitaka..."

"Mbona umekonda? Kula andazi."

Akala andazi. Huwezi kumwambia mtu kosa lake huku unatafuna andazi lake. Alipomaliza akapewa la pili, na saa mbili Sia akaingia.

"Katibu, matangi yakoje?"

Katibu hajui shikamoo. "Majaribio mia mbili na tisa yamepita. Moja limerukwa, la mia na tisa. Limerukwa siku arobaini na moja mfululizo. Aliyeagiza ni Lerionka. Sababu iliyoandikwa: Nitamwambia Mzee kesho."

"Siku zote hizo sababu ni hiyo hiyo?" aliuliza Sia.

"Karibu zote. Siku ya kumi na saba iliandikwa: Nitamwambia Mzee kesho, Mungu akipenda."

Mzee Elimringi aliweka kikombe mezani. "Aniambie nini?"

Katibu akamwambia kwa sentensi mbili. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Lerionka alikuwa akihesabu vigae vya sakafu.

"Nilikuwa nakuheshimu, Mzee."

"Kijana, kwenu mkichinja, mzee aliyeng'oka meno mnamnyima nyama?"

"Hapana, Mzee. Anapewa sehemu yake."

"Ataitafunaje?"

"Hilo ni shauri lake, Mzee."

"Basi hilo kosa lilikuwa sehemu yangu, na umelikalia siku arobaini na moja. Nani kakwambia sina meno?"

Sia alikohoa. Huenda alikuwa anacheka. "Na kesho je?"

"Kesho hatuwashi kitu. Nahitaji wiki nzima. Lerionka, mpigie mwenyekiti, umwambie kama lilivyo. Usinitandikie godoro."

Mwenyekiti wa wafugaji ni Mama Evaresta, mwenye wajukuu tisa. Alipokea simu Lerionka hajajipanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kesho mnafika saa ngapi? Nimeshakata mkungu wa ndizi."

Lerionka alimtazama Mzee. Ng'ambo ya meza, Mzee alijigonga kifua kwa kidole.

"Mama, programu ina kosa. Mtandao ukikatika, meseji ya maziwa inapotea. Haiko tayari."

"Kosa la nani?"

"La Mzee Elimringi." Dari haikuanguka. "Na mimi nililijua siku arobaini na moja, nikanyamaza."

Upande wa pili ndama alilia, akanyamazishwa.

"Mimi nimeshaziambia kaya sabini kwamba kuanzia kesho maziwa hayaharibiki," alisema Mama Evaresta. "Kuwaambia vingine siwezi. Utawaambia wewe, Jumapili, ibada ikitoka. Uje na huyo Mzee wako."

"Nitakuja, mama."

Simu ikakatwa.

"Kasemaje?" aliuliza Mzee.

"Jumapili twende tukawaambie wafugaji wenyewe. Nje ya kanisa."

"Vizuri. Vuta kiti." Mzee alimsogezea kibodi. "Nionyeshe meseji inapotelea wapi."