Kongwa la Adumi

Mwaka 1975 Hamuza Wani, mwalimu mstaafu, Mnubi wa Arua, Uganda, alipewa chumba kimoja cha ukumbi wa mji akigeuze makumbusho ya vita vya West Nile. Babu yake alikuja kutoka Sudan na bunduki begani, na Hamuza alikulia katika sifa zake. Akakusanya panga, tarumbeta na ngoma za kijeshi.

Siku moja mama mmoja mzee, Ayikoru, alifika kutoka kijiji cha Adumi na kongwa kichwani, lile gogo lenye panda la kufungia mateka shingoni.

"Nyanya yangu alitoroka nalo," alisema. "Kaka zake walilikata na shoka. Alama iko hapa."

"Nani alimfunga, mama?"

"Askari ya Sudan. Watu ya babu yako. Weka hapa, watoto wajue."

Hamuza akalipokea kwa mikono miwili.

Kabla ya ufunguzi, ofisa mmoja wa serikali alikuja na askari wake kukagua. Akalitazama kongwa, akauliza kama Hamuza anataka kuleta fitina kati ya makabila. Akaamuru kibao kiandikwe: *Mti wa kubebea mizigo ya askari*. Hamuza akaandika.

Nyumbani, mkewe Sadiya alimuuliza, "Na nyanya yako wewe, alitoka Sudan pia?"

Nyanya wa Hamuza alizaliwa Omugo, humo humo West Nile, alichukuliwa angali msichana, wala hakuna aliyemtolea mahari. Jambo hilo nyumbani lilijulikana, ila halikusemwa.

Siku ya ufunguzi Ayikoru alikuja na mwanawe Ayiko, ambaye alimsomea kibao. Mama akamgeukia Hamuza.

"Mizigo?"

"Subiri kidogo, mama. Wageni waondoke kwanza."

Hakusubiri. Alilishusha kongwa ukutani, akaliweka shingoni mwake, akasimama mbele ya wageni. "Mzigo iko hii," alisema. "Iko mutu."

Askari wa ofisa wakamburuta nje kongwa likiwa bado shingoni. Ayiko alipowafuata, alipigwa kitako cha bunduki. Ofisa akamuuliza Hamuza kama maneno ya yule mama ni ya kweli.

"Amezeeka," Hamuza alijibu. "Akili yake imechoka." Alidhani anamwokoa.

Ayikoru alirudishwa Adumi akiwa hawezi kugeuza shingo. Alifariki kabla ya mavuno.

Habari zilipomfikia, Hamuza alikwenda ukumbini, akang'oa kibao, akaandika kingine: *Wanawake wa hapa walifungwa hivi na babu zetu. Nyanya yangu alikuwa mmoja wao.* Kisha akaenda Adumi kuhani msiba. Ayiko hakumpa kiti.

"Ungesema wakati yeye iko hai," alisema, akarudi kwa waombolezaji.

Aliporudi Arua, Sadiya alimpokea njiani na mfuko wa nguo. Askari walikuwa wamekuja kumtafuta. Usiku ule ule wakakimbilia Koboko, kwa Hajara, dada yake Hamuza.

Huko nako habari ilikuwa imetangulia. Ijumaa, Hamuza alipoketi msikitini, mzee Kamisi, rafiki yake wa utotoni, alihamia mstari wa mbele.

"Umeita mama zetu watumwa," alimwambia baada ya swala.

"Walikuwa mateka, Kamisi. Unajua."

"Najua," Kamisi alisema, akavaa viatu vyake. "Nani alikutuma uandike?"