Nafasi ya Mzee Mmoja

Garth Pawluk hakupenda kuwaona wachezaji wenzake wakati wa kiangazi. Msimu wa mpira wa magongo wa barafuni ukiwa umepamba moto, kila mwanamume kwenye barafu huonekana jitu: mabega ya plastiki, kofia ngumu, viatu vya kutelezea vyenye makali ya chuma vinavyomwongezea kimo. Subiri Julai ifike. Utamkuta huyohuyo amevaa kaptula, miguu imepauka kama kuku aliyenyonyolewa, meno ya mbele hana, amesimama mbele ya jiko la kuchomea nyama anakuuliza unataka soseji ngapi. Ndipo unapojiuliza: hivi ni kwa ajili ya huyu nilivunjwa mbavu?

Aliwaza hayo akiendesha gari kuelekea kaskazini, mashamba ya ngano yakimwisha na misitu ya misonobari ikianza. Watu wa magazetini hupenda kusema timu ni familia. Familia gani hiyo inayokuuza kwa simu ukiwa unanyoa ndevu? Garth alikuwa amechezea klabu nne kwa miaka kumi na minne. Mara ya kwanza alipouzwa alilia chooni. Mara ya pili aliuliza tu ndege inaondoka saa ngapi. Tangu hapo aliwagawa wenzake mafungu mawili, wanaoweza kumchukulia nafasi na wasioweza, na hakuna aliyemjulia hilo kwa sababu alikuwa hodari wa kukumbatia watu.

Mmoja tu ndiye aliyemshinda kumpanga: Lyle Odegaard, aliyeitwa Odi na kila mtu isipokuwa mama yake. Kwa miaka tisa walikuwa wamesimama pamoja nyuma, mabeki wawili, Odi kushoto na Garth kulia. Kila Julai mosi, siku ambayo klabu hufunga vikosi vyao na wachezaji huketi wakizikodolea simu macho, Garth alikwenda kusubiri kwenye nyumba ya mbao ya Odi kando ya ziwa. Mwaka huu angetoa udhuru kwa furaha. Lakini kutokwenda kungekuwa sawa na kukiri.

Maana kulikuwa na la kukiri. Mwezi wa Aprili, siku mbili baada ya timu kutolewa, ilikuwa siku ya mifuko ya taka. Wachezaji wenyewe ndivyo wanavyoiita. Kila mmoja hupewa mfuko mweusi, akatia humo viatu, glavu na picha za watoto alizobandika kabatini, kisha huingia peke yake kwa meneja kuagana. Meneja huuliza habari za mwili wako. Halafu, kama mtu anayepitisha muda tu, huuliza habari za mwili wa mwenzako. Hapo ipo sheria ambayo haikuandikwa popote, na hata mtoto wa miaka minane anayejifunza kuteleza anaijua: jeraha la mwenzako hulijui. Klabu yenyewe, mtu akivunjika taya, hutangaza kwamba ameumia sehemu ya juu ya mwili, wapinzani wabaki kubahatisha wampige wapi.

"Nyuma nina nafasi ya mzee mmoja tu," Strand, meneja, alimwambia siku hiyo huku akichezea kalamu. "Wewe na Odi wote mmetimiza thelathini na nne. Odi yukoje?"

Neno moja lingetosha. Mzima. Garth akasema mengine. Alieleza kwamba tangu Februari, Odi alipobamizwa kwenye ukuta wa uwanja, alikuwa akirudi mapumzikoni na kuuliza wanacheza na nani. Alieleza kwamba yeye, Garth, alikuwa akimwandikia jina la wapinzani kwenye utepe mweupe unaozungushwa juu ya mpini wa gongo, ili Odi akisahau asome. Mechi kumi na tisa.

Strand aliiweka kalamu chini. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na yeye."

"Asante, Garth. Watu wa aina yako ndio tunaowataka kwenye chumba chetu cha wachezaji."

Garth alitoka na mfuko wake begani, na kilichomshtua ni kwamba roho haikumuuma. Alisikia njaa tu. Akaenda kula.

Goti lake mwenyewe hakuligusia. Goti la kulia lilikuwa limekwisha, mfupa ukisaga mfupa, na kwa misimu miwili Odi alikuwa akikimbilia kona yake na ya Garth pia ili watu wasigundue. Siku ileile ya mifuko, Odi alimkuta kwenye maegesho, akampiga kofi la mgongo. "Ameniuliza goti lako, bwana. Nimemwambia linaweza kubeba trekta." Akacheka mpaka mfuko ukamponyoka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema nguo ifanye nini.

Alifika saa tatu asubuhi. Odi alikuwa kwenye gati la mbao anakaanga samaki waliovuliwa alfajiri, mbu wamemzunguka naye hana habari nao.

"Pauli!" alipaza sauti. Ndilo jina la Garth chumbani. "Tembea polepole, hilo gati si barafu, ukianguka hapa hakuna refa wa kumlilia."

"Nimlilie refa wa nini na sura yako ipo ya kuniliza?"

Wakakumbatiana. Odi alimshikilia muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na Garth akaona ni uzee.

Ndani, mke wa Odi, Janelle, alikuwa akimimina kahawa. Alichungulia dirishani kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini.

"Karatasi yako ya mkataba imekuja, shemeji?"

"Bado. Strand kasema kabla ya saa nne."

"Na ya Odi?"

Garth alitazama ziwa. "Itakuja."

"Isije," Janelle alisema. "Mungu anisamehe, isije. Jana ameniuliza mara tatu mama yake atakuja lini. Mama yake tulimzika Novemba, wewe mwenyewe ulibeba jeneza. Namjibu, analia upya. Mara tatu, Garth! Miezi mitano namwomba Mungu atokee mtu mmoja awaambie wale watu ukweli. Mimi siwezi, hataniangalia tena usoni. Hivi nyie huko chumbani hamuoni?"

Garth akamshika bega na kusema pole. Na moyoni, aibu ilioje! akahisi wepesi. Kumbe alichofanya ni hisani. Kumbe alikuwa jibu la maombi ya mtu. Alipokwenda kuketi kwenye gati alikuwa amekwisha kujisamehe, na samaki wakamnukia vizuri.

Walikula. Saa tatu na nusu Odi alifuta vidole kwenye kaptula, akaiweka simu yake katikati ya meza.

"Strand alinipigia juzi," alisema.

Janelle aliacha kutafuna. "Juzi? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa namsubiri mgeni. Nimeachwa, mke wangu. Yamekwisha."

Janelle alijifunika uso kwa mikono, na hakuna ambaye angejua kama ni kilio au shukrani. Garth alikuwa ameshaandaa maneno yake tangu Aprili, akayatoa yote. "Pole sana, ndugu yangu. Miaka tisa! Yule mtu hana utu kabisa."

"Ana utu," Odi alisema. "Alinihurumia mpaka nikamwonea huruma yeye. Aliniambia, 'Odi, mtu anayeandikiwa jina la wapinzani kwenye gongo lake hawezi kurudi kwenye barafu.'" Alichomoa mwiba kwenye jino. "Utepe, Pauli. Sasa nisaidie, maana kichwa changu ni kibovu, unajua. Siku mbili nimekaa hapa najiuliza. Labda ni mimi niliyemwambia, nikasahau. Inawezekana. Nasahau mambo makubwa kuliko hilo. Ni mimi?"

Alimkabidhi uongo ukiwa umemenywa, wa kutia mdomoni tu. Ndiyo, Odi, ni wewe, umesahau. Nani angebisha? Garth alifungua kinywa.

"Fikiri kabla hujajibu," Odi aliongeza, sauti haikupanda. "Strand aliniuliza pia goti lako. Ananiamini mimi, anajua nimelala vyumba vya jirani na wewe miaka tisa. Anataka neno langu la mwisho kabla ya kutuma karatasi. Nikamwambia nitampigia leo."

Ng'ambo ya ziwa watu walikuwa wakisherehekea sikukuu ya nchi, redio yao ikisikika. Garth aliitazama simu ile. Mwaka mmoja tu alioutaka ulikuwa umelala juu ya meza, karibu na mifupa ya samaki. Hakuwa na kazi nyingine anayoijua. Watu wangemwita nani Oktoba msimu ukianza, asipokuwa beki wa kulia?

"Ni mimi," alisema.

"Kwa nini?"

Ukweli ulikuwa mfupi: nafasi ni moja na niliitaka. Lakini Janelle alikuwa ameondoa mikono usoni na anamtazama kama anavyotazamwa daktari anayetoka chumba cha upasuaji, na Garth akaona njia ya kutokea humo na mkataba, rafiki na heshima, vyote vitatu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini nani hukumbuka hayo sahani ikiwa mbele yake?

"Kwa ajili yako," alisema. "Nilikuogopea, Odi. Kila ulipobamizwa nilisema leo hainuki. Una mke. Ningesimama vipi kaburini kwako nikijua nilikuwa naandika utepe na kunyamaza?"

Yalitoka laini hata yeye mwenyewe yakamliza. Janelle aliinuka, akazunguka meza, akamkumbatia kichwa. "Ni wewe," alikuwa akisema. "Ni wewe, Mungu akubariki, ni wewe."

Odi alingoja mkewe amalize.

"Niangalie, Pauli. Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako. Haki ya watoto wangu wawili."

"Ile nafasi hukuitaka?"

"Nafasi ni kitu gani mbele ya uhai wa rafiki?"

Odi alitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepewa jibu alilolitarajia kwa mwanafunzi yuleyule. "Ungesema uliitaka, ningekuelewa. Ningekutukana mpaka samaki wahame, halafu ningempigia Strand nimwambie goti lako ni zima. Kwani mimi sikuitaka? Aprili aliponiuliza habari zako nilikaa kimya kitambo, sikufichi. Ulimi ulinicheza. Halafu nikakumbuka maandishi yako mabaya kwenye gongo langu, nikasema huyu ni ndugu." Aliichukua simu. "Lakini leo umenifundisha kitu. Kumbe mtu akimpenda mwenzake, husema."

"Odi, subiri."

"Nisubiri mpaka ulemae?"

Akabonyeza, akaiweka simu juu ya meza ili wote wasikie. Strand aliitikia mlio wa pili.

"Strand, Odi hapa. Ulitaka neno langu kuhusu Garth."

"Sema, mzee. Karatasi iko tayari hapa."

"Usiitume." Sauti ya Odi ilikuwa ya upole kama ya mtu anayesali. "Goti la kulia limekwisha. Misimu miwili nimekuwa nikimfichia. Maji ya goti alikuwa akitolewa na mjomba wangu shambani, mara sita, na mjomba wangu ni daktari wa ng'ombe."

"Daktari wa nini?"

"Ng'ombe. Nilimshikia mguu mimi."

"Muongo!" Garth aliruka kusimama, na goti likamkana palepale, akaishika meza, vikombe vikaanguka. Strand aliusikia mshindo.

"Yupo hapo?"

"Yupo. Amesimama vibaya." Odi hakumtazama. "Nakuambia kwa ajili yake, Strand. Ana watoto wadogo. Nataka aweze kuwabeba. Kila akigeuka kule konani namwogopea. Ningemtazama vipi kwenye kiti cha magurudumu nikijua nilinyamaza?"

Maneno yalikuwa ya Garth mwenyewe, yakirudi moja moja, na hakuwa na pa kuyashika. Akanushe nini? Aseme hayo si mapenzi? Mbele ya Janelle?

Strand alivuta pumzi. "Umefanya jambo la kiungwana, Odi. Najua limekuuma. Mwambie nitampigia wiki ijayo tuagane vizuri." Simu ikakatika. Ilikuwa saa nne kasorobo.

Janelle alikuwa akilia waziwazi sasa, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Aliokota vikombe, akamketisha Garth kwenye kiti, akamwekea kipande cha samaki kilichobaki. Akawashika wote wawili mikono. "Mmepona," alisema. "Nyote wawili mmepona. Watu wangapi wana rafiki wa namna hii? Mshukuru mwenzako, shemeji."

Garth alimtazama Odi. Macho ya Odi yalikuwa makavu, yanasubiri.

"Asante," Garth alisema.

"Sema kwa sauti, ndugu yangu," Odi akasema, akimsogezea chumvi. "Sikio la upande huu halisikii vizuri tangu Februari."

Janelle alitabasamu katikati ya machozi, akamtikisa Garth mkono kumhimiza. Garth akarudia kwa sauti.