Kitanda Kwenye Foleni ya Mshahara

Usiku wa jana niliota kitanda changu kimenitangulia kwenye foleni ya mshahara.

Foleni ilikuwa jikoni kwa Mama Noela, hapa Kihonda, Morogoro, ninapolea mtoto na kulala hapo hapo. Mbele kabisa ulisimama ugali, wa moto, unafuka mvuke. Nyuma yake kitanda, kwa miguu yake minne. Nyuma ya kitanda mimi, Asteria, Noela mgongoni.

Sikushangaa. Mchana wake Mama Noela alikuwa ameniambia, "Dada, kesho asubuhi tukae tuongee mshahara wako. Ila ukumbuke unakula hapa, unalala hapa. Na hivyo vinahesabika." Nikaitikia, "Sawa, mama," nikaenda kuosha vyombo kwa hasira mpaka kikombe kimoja kikavunjika mkono.

Jirani yetu ana dada wa kutwa, Mwajabu, anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni. Analipwa kunizidi. Simwonei kijicho, ana kodi na nauli. Nilichotaka ni kulipwa kiasi cha kuweza kupanga chumba, hata kama ni cha siku za mapumziko tu, nifunge mlango nilale. Na nilitaka mtu anieleze: usiku wangu mimi unakwenda wapi?

Basi ugali ukapokea hela, ukashukuru. Kitanda kikapokea, kikazisokomeza chini ya godoro lake. Ilipofika zamu yangu Mama Noela akanionyesha viganja vitupu.

"Zimeisha, dada. Lakini si unajua wewe ni kama ndugu yangu?"

"Undugu haununui sabuni, mama," nikasema. Kwenye ndoto mimi ni jasiri sana.

Nikakigeukia kitanda. "Na wewe umefanya kazi gani hapa ya kulipwa?"

"Nimelaza."

"Umemlaza nani?"

Kitanda kikatazama sakafu. Kabla hakijajibu, ukuta wa jikoni ukasogea pembeni kwa adabu, tukajikuta sokoni, jua la saa sita utosini, mbele ya mzani wa kupimia mpunga. Ila sahani zake zilikuwa pana kama viwanja vya mpira, na ulikuwa unaongea.

"Anayedai asogee. Anayedaiwa asogee. Chakula kisipige kelele," mzani ukasema.

Ugali ukanyamaza.

Akaitwa Mwajabu kwanza. Anakuja na mkoba wake, na nyuma yake unatembea usiku wake. Mweusi, mnene, unang'aa, unamfuata bila kuvutwa kama mbuzi anayejua njia ya nyumbani.

"Dada wa kutwa," mzani unasema. "Usiku wako ni huo?"

"Ndiyo, mzima. Jioni nikitoka getini natoka nao."

"Nauli na kodi?"

"Najilipia mwenyewe."

"Basi unacholipwa ni haki yako, na bado hakitoshi. Kaa kivulini." Mwajabu akakaa, usiku wake ukalala miguuni pake.

"Dada wa kulala. Usiku wako uko wapi?"

Natazama nyuma yangu. Hakuna kitu. Natazama kulia na kushoto, vumbi tupu na ganda la ndizi. Niliona aibu, halafu uchungu ukanipanda, nikaanza kulia mbele za watu.

Ndipo kitanda kikakohoa.

"Mheshimiwa mzani, mimi huyu dada namjua ukingoni tu. Katikati analala mtoto. Mtoto akilia, huyu anasimama. Akiota jino, huyu anatembea naye sebuleni. Baba wa mtoto akirudi usiku akapiga honi, huyu anakwenda kufungua geti. Hela nimechukua kwa sababu nimeitwa." Kikazitoa chini ya godoro, kikamrudishia Mama Noela.

"Na mimi kanisonga yeye," ugali ukasema kwa sauti ndogo.

Mzani ukapiga mluzi, na milima ya Uluguru ikafunguka.

Sijui nisemeje. Kule juu zilitoka usiku nyingi, zote ambazo madada wa mji huu wamekesha nazo. Zinateremka kimya, kila mmoja umebeba mtoto mgongoni, kila mmoja unambembeleza wake. Hazikimbii, hazisukumani. Nyingine ni kongwe, za wanawake waliokwisha kuzikwa, na watoto waliolelewa humo sasa ni mababu wenye mvi. Mitaa inaingia giza mmoja baada ya mwingine, ilhali jua liko pale pale. Wauza nyanya wakavua kofia. Niliogopa, nikajivuna, nikaogopa tena kwa kujivuna. Sikuwahi kudhani kitu ninachokifanya peke yangu, na nguo ya kulalia, kina ukubwa wa namna ile.

Za kwangu nilizitambua kwa wimbo, maana huwa nakosea maneno pale katikati.

"Zisipande zote, nitavunjika," mzani ukasema. "Mmoja unatosha. Mwajiri, ubebe mpaka kileleni."

"Huu mmoja tu?" Mama Noela akauliza, akacheka kidogo. Akajifunga kanga vizuri, akavua viatu, akaubeba. Hapo hapo usiku ukaanza kulia kwa sauti ya Noela.

Anapanda kwenye majani yanayomfika kiunoni. Anabembeleza. Usiku unalia. Anabadilisha bega. Usiku unalia.

"Kuna pa kukaa huku?" anauliza kutoka mbali.

"Hapana," mzani ukajibu.

"Na kukicha?"

"Kukicha unapika chai."

Alizidi kuwa mdogo kule juu. Nilimwonea huruma, tena ya kweli, kwa kuwa njia ile naijua. Kitanda kikaja kikasimama kando yangu, kikaniambia, "Panda." Nikapanda, nikalala usingizi ndani ya usingizi.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshapita dirishani. Noela hayupo. Nikakurupuka mpaka sebuleni.

Mama Noela alikuwa kwenye kochi, nywele timtim, macho mekundu, Noela amelala begani kwake. Hakuthubutu hata kujikuna.

"Nimekuita, nimekutikisa," akanong'ona. "Ulilala kama mfu. Hivi huwa analia hivi kila siku?"

"Kila siku, mama."

Nikainama kumpokea mtoto, na hapo nikaona pindo la kanga yake. Lilikuwa limejaa vishona nguo kutoka ncha hadi ncha, zile mbegu nyeusi zinazong'ang'ania nguo ukipita porini. Ua wetu wote ni saruji mpaka getini. Ufunguo wa mlango ulikuwa bado unaning'inia kwenye msumari.

Aliona ninapotazama. Akavuta miguu chini ya kochi.

"Mwache kwanza, nimeshamzoea," akasema. "Kaa, dada Asteria. Ule mshahara. Mimi sisemi kitu. Sema wewe."

Nikakaa. Nikaanza na usiku.